Kabla ya kununua gimbali, nenda kwa fundi wa kuchomelea

Vijana wanaopiga video za harusi na kwaya hapa Goma huniuliza wanunue gimbali gani, yaani kile kishikio cha mota kinachotuliza kamera. Jibu langu ni lilelile: kwanza jitengenezee stebilaiza, kishikio kinachotuliza kamera kwa uzito tu, bila mota. Sijali bei tu. Aliyeisawazisha kamera kwa mkono wake anajua kwa nini picha inatulia, na kikivunjika kitu anakirekebisha palepale, hata umeme ukiwa umekatika.

Barabara zetu nyingi za mtaani ni mawe ya volkano ya Nyiragongo. Ukiyakanyaga na kamera mkononi, picha inaruka kila hatua, na mtazamaji anachoka kabla bibi harusi hajafika mlangoni. Dawa yake ni uzito. Garrett Brown, Mmarekani aliyebuni Steadicam, stebilaiza ya sinema, miaka ya 1970, aliweka kamera juu ya nguzo na betri chini, mpini ukawa karibu na kitovu cha uzito, halafu mkono wa springi ukapokea mitikisiko ya mwili. Ndivyo tulivyomwona bondia Rocky kwenye filamu ya mwaka 1976 akikimbia kupanda ngazi za Philadelphia. Kanuni hiyo haibagui chuma. Bomba jembamba la maji, beringi ndogo zinazouacha mpini ucheze pande zote, na nati nzito za lori za kuweka chini badala ya betri vinaitii vilevile.

Kazi yenyewe iko kwenye kusawazisha, na hapo sipendi mtu afanye haraka. Laza nguzo iwe sambamba na ardhi, kisha iachie. Ikichukua kama sekunde 2 au 3 kufika wima, umepata. Ikianguka upesi, uzito wa chini umezidi: utakaposimama ghafla, kamera itabembea. Punguza nati, au sogeza mpini chini kidogo. Ikisitasita bila kufika wima, ongeza nati. Ukibadilisha lenzi, unaanza upya, na hilo si adhabu, ndiyo shule yenyewe.

Kwenye lami tuna chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na nashangaa kwa nini hatuitumii zaidi. Inabeba magunia ya makaa na viazi, itashindwaje kumbeba mpiga picha? Mmoja asimame juu na stebilaiza yake, mwenzake asukume polepole.

Upepo wa Ziwa Kivu ni habari nyingine. Kamera inayoelea hivyo inasukumwa nao kirahisi, na gimbali ya mota inaustahimili vizuri zaidi. Kwa harusi ya ufukweni, kodi gimbali moja kwa siku hiyo.