Fila hujaza shavu, au huamsha mafuta?

Mwaka 2012 jarida la tiba la New England lilitoa picha ya dereva wa lori wa Marekani mwenye umri wa miaka 69. Shavu la kulia ni la mzee wa kawaida. La kushoto, lililokaa upande wa dirisha kwa miaka 28, limejaa makunyanzi mazito kana kwamba ni la mtu mwingine. Kioo hakizuii urujuanimno A, aina ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Wengi wakiitazama picha ile hutaja kolajeni, nyuzi zinazoikaza ngozi, na hawajakosea. Ila chini ya kolajeni kuna mafuta, nayo hayana msemaji.

Watafiti wa Seoul walionyesha mwaka 2011 kwamba ngozi ikipigwa na miale hiyo, seli za mafuta zilizo chini hupunguza kutengeneza mafuta. Miale yenyewe haifiki huko kwa wingi. Zinazofika ni habari. Seli za ngozi ya juu zikiungua hutoa kemikali za uvimbe, nazo huteremka na kuzituliza seli za mafuta. Kwa hiyo uso uliozeeshwa na jua umekwaruzwa juu, na chini umenyang'anywa akiba pia.

Hapo ndipo inapoingia sindano ya fila, jeli inayodungwa ili kujaza uso. Maelezo tuliyoyazoea ni mepesi: jeli ya asidi ya hayaluroniki, ambayo mwili nao huitengeneza, hushika maji, hunyanyua ngozi, kisha mwili huimaliza. Godoro limeongezwa sufi, basi. Naona maelezo hayo yanaipunja ngozi.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Michigan kiliwachukua watu 11, wastani wa umri miaka 74, kikawachoma fila kwenye kigasha kilichochakaa kwa jua, na maji ya chumvi mahali pengine kwa kulinganisha. Baada ya wiki 4, na tena baada ya wiki 13, walikata vipande vidogo vya ngozi. Palipochomwa fila, kolajeni mpya ilikuwa ikitengenezwa. Ufafanuzi wao ndio unaonivutia: kwenye ngozi iliyokatikakatika nyuzi zake, fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza kolajeni, hukosa pa kushika, zikajikunja na kuzubaa; jeli ikijaza nafasi, hunyooshwa tena na kurudi kazini. Yaani jeli haikuzilisha chochote. Ilizivuta tu. Kama mvuto peke yake unaamsha seli za mzee wa miaka 74, kwa nini tuamini kwamba jirani zake, seli za mafuta, zitabaki usingizini?

Swali hilo Wollina na Kruglikov, wa Ujerumani, walilipa sura mwaka 2015: walipendekeza kwamba fila, za aina mbalimbali, huchokoza utengenezaji wa seli za mafuta, na kwamba sehemu ya unene tunaoisifia jeli huenda ni mafuta mapya.

Wapinzani wana hoja, tena nzito. Watu 11 ni wachache, kigasha si shavu, na kilichopimwa Michigan ni kolajeni. Picha za MRI, zinazopigwa kwa sumaku kuona ndani ya mwili, nazo zimeonyesha jeli ikiwa bado usoni miaka miwili na zaidi baada ya sindano. Kama ingali pale, mafuta mapya ya nini? Kuna na jaribio la 2004 la maabara: seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi, zikiachwa ziwe duara hugeuka mafuta, zikitandazwa hugeuka mfupa. Mvuto ule ule ninaousifu ungepaswa kuyakimbiza mafuta! Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua, ingawa seli iliyobandikwa kwenye sahani si seli iliyozungukwa na tishu laini. (Hatari ya jeli kuziba mshipa wa damu, hata kupofusha jicho, ni mada nyingine, na haipungui kwa sababu nadharia inapendeza.)

Hata hivyo MRI hukamata maji zaidi ya yote, na jeli hii hunywa maji. Ya kwamba ipo haituambii kimeota nini kandokando yake. Kipimo kizuri tayari kimo kabatini mwa kila kliniki makini: hayaluronidase, dawa ya kuiyeyusha fila iliyoharibika. Ichomwe mwaka mmoja au miwili baada ya sindano ya kwanza, zipite wiki chache ili asidi ya asili ya mwili irudi, kisha shavu lipimwe unene. Jeli itakuwa imeondoka. Mafuta hayayeyushwi na dawa hiyo.