Kufuli la muvi linambana aliyenunua, ila na wenye muvi nao wana hoja

Ukiamua kuweka kompyuta chini ya TV sebuleni iwe ndo hom thieta yako, muvi, miziki na picha za familia zote sehemu moja, kuna siku utaweka diski orijino uliyoilipia halali kabisa na skrini itabaki nyeusi. Diski haina mkwaruzo, kebo nzima, TV inaonyesha vitu vingine vyote, kilichogoma ni kufuli la kuzuia kukopi. Kila hili suala likitajwa watu wanagawanyika, hawa wanasema studio zinawanyanyasa wateja na wale wanasema wanaolalamika wanataka vya bure tu, na mimi naona wote wanachanganya vitu viwili visivyofanana: muvi ya kukodi na muvi ya kununua.

Kwanza tuone inavyofanya kazi. Picha ikitoka kwenye kompyuta kwenda TV kwa kebo ya HDMI inapita imefichwa kwa mfumo unaoitwa HDCP, ulitengenezwa na Intel, na kila kifaa kilichopo njiani lazima kijitambulishe kwa funguo zake ndo picha iruhusiwe. Muvi za 4K, zile zenye picha kali zaidi, zinataka HDCP toleo la 2.2. Sasa chukulia mtu ana kompyuta mpya na TV mpya, ila katikati kuna ampu ya zamani ya spika inayoishia toleo la 1.4. Kompyuta inauliza, ampu inajibu vile inavyojua, na hapo picha inakatwa au inashushwa ubora, na mara nyingi hakuna ujumbe wowote wa kukwambia tatizo ni ampu, kwa hiyo mtu anabadilisha kebo, anafuta driva anaweka tena, anapeleka kompyuta kwa fundi anaambiwa grafiki kadi imekufa, kumbe ukichomeka TV moja kwa moja picha inarudi. Inarudi lakini sauti ya spika zako nzuri umeikosa, na ndo ulizinunulia muvi.

Hilo la ampu angalau lina dawa. Lisilo na dawa ni diski za Blu-ray (zilizofuata baada ya DVD) za 4K, zilizoingia sokoni 2016. Ili programu kama PowerDVD izicheze rasmi kwenye kompyuta ilibidi uwe na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 7 yenye kitu kinaitwa SGX, ambacho ni sehemu iliyofungwa ndani ya prosesa ya kutunzia siri, na picha itokee kwenye grafiki ya Intel yenyewe. Ukiwa na prosesa ya AMD umeachwa nje, ukiwa na grafiki kadi ya bei mbaya ya kuchomeka nayo haikusaidii. Watu wakajipanga wakanunua vinavyotakiwa. Halafu Intel kuanzia kizazi cha 11 wakaiondoa SGX kwenye prosesa za kawaida za Core. Yaani kompyuta mpya na yenye nguvu zaidi ndo haiwezi kucheza diski ambayo ya zamani inaicheza! CyberLink, wenye PowerDVD, ikabidi wawashauri wateja wabaki na prosesa za kizazi cha 7 mpaka 10 na wasihamie Windows 11 wala kuapdeti driva fulani za Intel. Na Windows 10 Microsoft wameshaacha kuihudumia tangu Oktoba 2025, kwa hiyo mteja aliyefuata masharti yote leo anachagua kati ya usalama wa kompyuta yake na muvi alizonunua.

Haya, upande wa pili. Wenye muvi hawakuota tu usiku wakaamka na kufuli. Kufuli la DVD lilivunjwa 1999 na tokea hapo kukopi DVD ikawa kazi ya mtu yeyote mwenye kompyuta. Sisi huku tunajua inavyouma, Bongo Muvi iliuzwa kwenye diski zisizo na ulinzi wa maana na kopi zikajaa mtaani mpaka serikali ikaleta stempu za TRA (mamlaka ya mapato) kwenye CD na DVD kuanzia 2013, na bado duka la muvi linakujazia flashi nzima kwa hela ndogo sana bila msanii kuona hata senti. Anayesema kufuli halina kazi aende akamwambie hivyo aliyeuza gari lake kutengeneza filamu.

Na kuna hoja nyingine ambayo mimi siwezi kuipinga hata kidogo. Kukodi muvi kwa siku mbili au kulipia mwezi wa Netflix haiwezekani bila kufuli, maana muda ukiisha lazima kitu kijifunge. Tunapata maelfu ya muvi kwa bei ya chini kwa sababu hatuzimiliki. Kwa hiyo ukikuta Netflix kwenye kompyuta yenye Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta mbali na Windows) inakupa picha ya ubora wa chini kuliko TV ya dukani, inakera, ila ni masharti ya kukodi na unaweza kuhama mwezi ujao.

Kununua ni habari tofauti. Diski ni yangu, nimelipa mara moja, hakuna tarehe ya kurudisha. Hapo sioni kufuli linamlinda nani, maana funguo za Blu-ray zilianza kuvuja 2007 zikasambaa intaneti nzima, funguo kuu ya HDCP ikavuja 2010 na Intel wenyewe wakakiri ni ya kweli. Mwizi anapata faili safi isiyouliza chochote. Anayebaki na skrini nyeusi ni yule mwenye risiti. Wengine watasema muziki uliwahi kufunguliwa, iTunes waliondoa kufuli kwenye nyimbo 2009 na muziki haukufa, ni kweli, ila muvi inagharimu mno zaidi na inaingiza sehemu kubwa ya hela mwanzoni, kwa hiyo huo mfano mimi siutegemei sana. Nategemea huu wa funguo zilizovuja.

Halafu kuna mambo ya kanda, yaani dunia imegawanywa maeneo na DVD ya eneo moja haichezi kwenye kifaa cha eneo lingine. Tanzania na Kenya kwenye DVD ni kanda ya 5, Uingereza ni 2, na drevu ya kompyuta inakuruhusu kubadili kanda mara tano tu kisha inajifunga hapo hapo ilipo. Ndugu akikuletea zawadi ya DVD kutoka London unaanza kuhesabu. Hiyo haizuii kopi hata moja, ni kugawana masoko tu, na kuiita ulinzi wa wasanii si haki.

Kisheria nako kumekaa vibaya. Marekani sheria ya 1998 inakataza kuvunja kufuli hata kama diski ni yako, na kila miaka mitatu watu wanaomba vibali maalum. Walioomba kuhamishia muvi zao kwenye kompyuta au tablet zao wenyewe walikataliwa 2012 wakakataliwa tena 2015. Ombi hilo ndo ningelipitisha mimi, na lingebaki hivyo hivyo, kwa diski ulizonunua na matumizi ya nyumbani kwako, bila kugusa kufuli za kukodi.