Kinga juu, mchochota chini, kopo moja

Lebo ya kopo moja la unga wa virutubisho, mstari wa kwanza: "Huongeza kinga ya mwili." Wa pili: "Huondoa mchochota." Aliyeiandika hakuona haya hata kidogo. Kidole kikichomwa na mwiba kikawa chekundu, kikavimba, kikapata joto na kuuma, huo ndio mchochota, na hiyo ndiyo kinga yenyewe iko kazini. Sasa kopo hili linapandisha nini na kushusha nini?

Halafu unakuja ushuhuda: karatasi mbili za maabara, CRP (protini ya damu inayopanda mchochota ukiwepo) 38 kabla, 4 baada ya wiki mbili za unga. Hongera! CRP hutengenezwa na ini likipokea amri ya IL-6, mjumbe wa kikemikali wa kinga. Huanza kupanda ndani ya saa sita hadi nane, hufika kileleni siku ya pili hivi, na chanzo kikizimika, nusu yake hutoweka kwenye damu kila baada ya saa 19 hivi. Piga hesabu: 38 inakuwa 19, kisha 9.5, na siku ya tatu iko chini ya 5. Usaha kwenye fizi unatosha kuipandisha; jino likishang'olewa inashuka yenyewe. Wiki mbili ni muda wa kutosha kabisa kwa unga kujitwalia sifa za daktari wa meno.

Anayetaka kujua hatari ya moyo anahitaji CRP ya unyeti wa juu, kwa sababu kipimo cha kawaida hakioni vizuri namba ndogo. Chini ya 1 mg/L hatari ni ndogo, 1 hadi 3 wastani, zaidi ya 3 kubwa. Pima mara mbili, upishe wiki mbili, ukiwa huna homa wala kidonda. Ikizidi 10, weka moyo kando kwanza. Tafuta maambukizi, kisha urudie. Na mtaje kwa daktari vidonge vyenye estrojeni, maana navyo huipandisha, kama unene unavyofanya.

Isitoshe, CRP ni moshi, si moto. Watu waliorithi jeni zinazoipandisha hawaugui moyo zaidi ya wengine.

Haya, nakubali: mchochota wenyewe unahusika na ugonjwa wa moyo. Utafiti wa CANTOS, 2017, uliwachukua watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na CRP yao ikabaki 2 au zaidi. Waliochomwa canakinumab miligramu 150 kila miezi mitatu, dawa inayozuia IL-1 beta (mjumbe mwingine wa kinga), walipungukiwa na matukio kama shambulio jipya na kiharusi kwa asilimia 15, na kolesteroli mbaya haikutikisika. Ushindi wa kweli. Ila vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo haikutofautiana na ya waliopewa sindano bandia. Hiyo ndiyo bei ya kuishusha kinga, na hakuna kopo linaloiandika.

Methotrexate, dawa ya baridi yabisi, ilijaribiwa kwa moyo ikashindwa. Haikushusha hata IL-6. Colchicine, dawa ya jongo, ya miligramu 0.5 kwa siku ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 23 mwaka 2019, kisha mwaka 2024 utafiti wa watu zaidi ya 7,000 haukuona faida, ingawa CRP ilishuka. Soma tena: CRP ilishuka, mioyo haikunufaika. (Na usiichanganye colchicine na antibiotiki ya clarithromycin, hasa kama figo ni dhaifu. Mchanganyiko huo umeua watu.)

Kwa hiyo muuzaji akikujia na kopo lake, muulize: unazuia IL-1, IL-6 au TNF, mjumbe wa tatu wa mchochota? Akisema zote, muulize kama anawapima wateja kifua kikuu kilicholala kabla ya kuwauzia. Madaktari hufanya hivyo kabla ya kumwanzishia mgonjwa dawa ya kuzuia TNF, kwa sababu TNF ndiyo inayowafungia wadudu wale ndani ya mapafu.