Fomu ya Kumruhusu Mtoto Akanyage Nyasi

Jamani nisikilizeni kidogo maana hapa nilipo presha imepanda. Nimeletewa fomu. Imetoka shuleni kwa mwanangu, kurasa tatu, eti mzazi asaini kumruhusu mtoto ashiriki "siku ya kugundua mazingira ya asili", na hayo mazingira ya asili yenyewe nimeuliza ni wapi, nikaambiwa ni kile kiwanja cha nyuma ya madarasa, kile kile anachokiona dirishani kila siku akisinzia kwenye hesabu.

Swali la kwanza: je, mtoto ana historia ya kugusana na udongo? Historia! La pili, mzazi anaridhia mtoto avue viatu, na kama anaridhia ni kwa muda gani. Halafu kuna kisanduku cha kuweka tiki endapo nyasi zitakuwa na umande. Aje na kofia, viatu vya akiba, dawa ya kupaka mikononi na filimbi ya dharura. Sasa filimbi ya nini, kiwanja chote mwalimu anakiona bila hata kunyanyuka kwenye kiti.

Mi ni mtu wa heshima zangu, sigombani na walimu. Nikavaa miwani, nikakaa vizuri, nikasema nitaijaza kistaarabu kwa herufi kubwa walivyoelekeza. Nikaenda vizuri mpaka kwenye kipengele cha mwisho, "mzazi ataje michezo ya nje aliyocheza utotoni", na nafasi waliyoniachia ni mstari mmoja. Mmoja! Hapo ndo heshima ilipoanza kunitoka.

Nyie wa rika langu sina haja ya kuwaelezea. Asubuhi unafukuzwa ndani, "tokeni huko mkacheze, mnanijazia nyumba," mlango unafungwa kwa nyuma, na usithubutu kurudi kuomba maji kila saa, maji yapo bombani huko huko nje. Nani alikusainia? Nani aliulizia umande? Ukirudi jioni una magoti mawili na kichwa kimoja hesabu imetimia, kaoge.

Juzi nasikia kwenye redio Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 mpaka 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na mtangazaji anausoma ushauri huo kwa sauti ya huzuni kabisa, anaona watoto wanaonewa. Dakika 60 sisi zilikuwa za kubishana tu. Nani ahesabu, nani kachungulia, nani kajificha ndani kwao wakati tumekubaliana ndani hairuhusiwi, na mwenye mpira kashanuna anautia kwapani anataka kwenda nao nyumbani. Mchezo wenyewe bado.

Tena kumbe ilikuwa haki yetu. Upo Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, ibara ya 31 imesema kabisa mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Nimekuja kuisoma na mvi zangu nikasikitika sana, ningeijua mapema ningemsomea mama. Ingawa namjua mama, angeniuliza hiyo ibara imesema nini kuhusu vyombo.

Sasa tulipokuwa tunapelekwa likizo shamba kwa babu, huko ndo tuligundua mazingira ya asili, na mazingira nayo yakatugundua. Watu wazima wanapenda kusema shamba kuna utulivu. Nani kawadanganya? Usiku wa kwanza sikulala, vyura dume wanaita wenzi bila aibu, nyenje wanasugua mabawa mpaka alfajiri, na ukizoea tu hayo jogoo anaanza. Siafu sitaki kuwazungumzia. Upupu pia tuupite. Nyuki walau ana uungwana, akikudunga mwiba unabaki mwilini mwako na yeye anakwenda kufa, mnakuwa mmeumia wote, lakini nyigu anadunga, anatoa mwiba wake, anakuangalia, anadunga tena.

Halafu zile mbegu za kishona nguo. Unapita kichakani mtoto unatoka mti. Kuna Mswisi mmoja, Georges de Mestral, mwaka 1941 alikuwa anatembea porini na mbwa wake, akarudi mbegu za namna hiyo za huko kwao zimewang'ang'ania yeye na mbwa, akaziweka chini ya hadubini akaona zina vindoano vidogo vidogo, akakaa nalo hilo miaka mpaka akatengeneza ule mkanda wa kubandua kraaa mnaouona kwenye viatu vya watoto. Akatajirika. Mimi nilirudi na mbegu hizo hizo kwenye sweta ya shule, nyingi kuliko zake na za mbwa wake mkijumlisha, nikachunwa sikio. Kilichotutofautisha ni hadubini na mama.

Lakini yote hayo ni tisa. Kumi ni bata bukini.

Jirani ya babu kulikuwa na bibi mmoja anafuga bata bukini, dume na jike. Wa kawaida hawa wanaotembea kwa aibu siwasemi, nasema wale weupe wenye shingo. Yule dume akisimama wima tulikuwa tunaangaliana macho kwa macho. Njia ya kwenda mtoni inapita mbele ya ua wa yule bibi, kwa hiyo kila aliyetaka mto ilibidi apate kibali cha bata, na kile kibali ndugu zangu hakikuwa na fomu.

Siku hiyo tunacheza mpira na binamu yangu, mpira ni wa kwake, ana kiraka karibu na pale pa kujazia upepo na hachoki kutukumbusha kwamba kiraka kimewekwa na baba yake. Mpira ukapigwa. Sitaji uliopigwa na nani, ni mambo ya zamani. Ukaenda juu, ukaruka ua, ukadunda mara moja ukatulia hatua chache kutoka pale jike alipokuwa analalia mayai yake. Sote kimya. Yule jike akautazama mpira. Akanyoosha shingo, akaupitisha mdomo kwa juu, akaanza kuuvuta polepole kwa kidevu kuelekea kwake, ukitaka kuteleza pembeni anaurudisha, taratibu kabisa, mpaka ukaingia kwenye kiota. Akaukalia.

Akaukalia mpira! Haujakaa vizuri maana ulikuwa mkubwa, bata kawa juu juu anayumba, lakini uso wake umeridhika. Binamu akaanza kulia.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba wapo wanasayansi wawili, Konrad Lorenz na Niko Tinbergen, walilichunguza jambo hilo hilo wakaliandika mwaka 1938, kwamba bata bukini jike akiona yai liko nje ya kiota analivuta kwa mdomo, na ukimwekea kitu kingine chochote cha mviringo anakivuta hicho hicho, hata mpira. Wote wawili wakaja kupewa Nobel mwaka 1973. Sisi tulikuwa watoto watano tumeliona bure kabisa, hakuna aliyetuuliza, tulichopewa ni lawama.

Sasa nani aende. Binamu, machozi yanamtoka, akasema aliyepiga ndo aende. Wengine wote wakaunga mkono haraka mno. Binamu huyo huyo akanipa na ushauri wa kitaalamu, eti bata anamheshimu mtu asiyeonyesha woga, tembea umenyooka, mwangalie usoni. Nikanyooka. Nikaingia getini nimenyooka, nikamkuta dume amesimama katikati ya njia, nikamwamkia. Ndiyo, nilimpa shikamoo, mtoto mwenye adabu angefanya nini.

Hakuitika. Alichofanya ni kushusha shingo mpaka ikawa sambamba na ardhi, akafungua mdomo, akatoa ule mlio wa tairi linalotoka pancha, ssssss, na mdomo ukiwa wazi hivyo ndo nikaona kitu ambacho sijawahi kukisahau: vijimeno. Pembeni mwa mdomo kote, halafu mpaka kwenye ulimi! Nyie mnajua kwamba bata bukini ana vijimeno kwenye ulimi? Ni vya kukatia majani, wanasema. Mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa kaptula ya kijani.

Yule bibi kakaa barazani anachambua mambo yake, akapaza sauti, "Mjukuu wangu usiogope, hana neno huyo!" Hana neno. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kumsikia mwenye mnyama akisema "mnyama wangu ana neno". Wote hawana neno, mpaka umeshonwa nyuzi. "Ila usimkimbie," bibi akaongeza, "akiona mgongo ndo anazidi!"

Maneno yanamfikia mtu mgongo tayari uko hewani. Nilikimbia mbio ambazo nikipewa leo kocha angelia. Bata nyuma, mabawa yamefunguka, miguu yake inapiga ardhi pata pata pata, na bibi huko barazani bado anatoa maelekezo, "Simama! Mpanulie mikono! Jifanye mkubwa!" Nijifanye mkubwa na nilikuwa naitwa kidagaa shule nzima? Nikazunguka mti, bata akazunguka mti. Nikabadilisha upande, naye akabadilisha. Tukasimama kidogo, mi huku yeye kule, tunahema. Nikatazama getini kuomba msaada kwa ndugu zangu wa damu: hakuna mtu. Binamu yuko juu ya ukuta, mwenye mpira wake, ananiambia nijaribu tena kumwangalia usoni.

Akanipata kwenye kaptula. Bata haumi akaachia, anauma halafu anasokota, anasokota halafu anakupiga na bawa, na bawa la bata bukini si manyoya tu mnavyodhani, lina mfupa. Mpira wa kiunoni kwenye kaptula ukavutika, ukavutika, mi naenda mbele kaptula inabaki nyuma, na kuna wakati nikawaza kuiacha tu, lakini wasichana wa jirani walikuwa wanapita na ndoo zao.

Bibi akanyanyuka sasa, amechukua fagio wala halikuwa na haraka, akasema "we, hebu acha," na yule jambazi akaachia, akakunja shingo, akaondoka zake akidonoa majani na uso wa mtu aliyekuwa anapita tu. "Umeona," bibi akaniambia, "mpole."

Na mpira? Kwa bibi, jike akilalia haguswi. Mayai ya bata bukini yanalaliwa mwezi mzima, likizo yetu ilikuwa inaisha wiki hiyo. Tukarudi mjini tumeuacha chini ya bata. Jioni ile mama alivyoona alama kwenye paja aliuliza nani kakufinya, nikasema bata, nikafinywa upande wa pili kwa kusema uongo.

Na msidhani iliishia pale. Bata bukini anaweza kufika miaka 20 na zaidi, hilo hawakuambii. Nimekwenda kule nikiwa mtu mzima, nimevaa suti, na mchumba, nataka nimwonyeshe mto niliochezea, natokea kwenye ule ua nasikia ssssss. Mchumba ananiuliza mbona umesimama nyuma yangu. Nikamwambia nafunga kamba za viatu. Mto hatukuuona, nilimwonyesha kwa kidole, uko kule.

Binamu naye, mtu aliyenituma kwenye domo la bata akiwa juu ya ukuta, leo ni afisa usalama kazini. Anavaa koti la kung'aa, anafundisha watu wazima namna ya kushika ngazi. Kila tukikutana msibani ananivuta pembeni kwa uso wa huzuni, najua anataka kunipa pole, ananong'ona, "Na ule mpira wangu?" Una nyumba, una gari, una wajukuu, mpira una kiraka!

Tena ndo yeye aliyetuanzishia kwenye grupu la familia huu ugonjwa wa kuhesabu hatua. Kila jioni anatuma picha ya saa yake, hatua elfu kumi, hongera zinamiminika, shangazi anatuma maua. Hatua za kuzunguka sebuleni kwake hizo, nimeshamkuta, anazunguka meza huku anaangalia taarifa ya habari. Nami wakaninunulia saa hiyo hiyo watoto wangu, kwa nia njema. Haikai kimya. Ukikaa tu kidogo inakutetemekea mkononi, "wakati wa kusimama", ukilala inakwambia umelala vibaya, sasa mi nimelala ningejuaje? Hata sasa hivi nawaandikia inatetemeka, inataka nitoke nikatembee. Nitoke niende wapi saa hizi, jirani kashafungulia mbwa wake. Nimeshampigia simu kulalamika. Anasema hawana neno.