Msokoto wa nanomita 30: picha nzuri ambayo seli zetu hazinayo

Aliyesoma baiolojia ya sekondari anaikumbuka picha hiyo. Uzi wa DNA unazungushwa kwenye vibonge vya protini za histoni. Kila kibonge pamoja na uzi wake huitwa nukleosomu, na nukleosomu zikifuatana huonekana kama shanga. Kisha shanga zinasokotwa kuwa kamba yenye unene wa nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kamba nayo inakunjwa na kukunjwa tena hadi kromosomu ipatikane. Ngazi kwa ngazi, kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka.

Shanga hazina ubishi. Ubishi uko kwenye hiyo kamba ya nanomita 30, na wanaoikana nadhani wamesikilizwa nusunusu. Wakisema hakuna msokoto, watu husikia kwamba kiini cha seli ni fujo tupu.

Wanaoutetea hawakuuota. John Finch na Aaron Klug waliupendekeza mwaka 1976 baada ya kuziona nyuzi hizo kwa hadubini ya elektroni, nukleosomu kama sita kwa kila mzunguko. Mwaka 2014 nyuzi zilizoundwa maabara pamoja na histoni H1, ile inayofunga uzi kwenye nukleosomu, zilipigwa picha zikiwa zimejisokota vizuri kabisa. Hata kwenye seli zenyewe msokoto umeonekana: katika chembe nyekundu za damu ya kuku, ambazo tofauti na zetu zina kiini, na katika mbegu za kiume za kiti cha pweza. Lakini hizo ni seli zilizozima karibu jeni zake zote. Kinachotokea humo hakitoshi kutueleza habari za seli ya ini inayofanya kazi usiku na mchana.

Ushahidi uliokuwa mzito kuliko wote ulikuwa wa eksirei. Tangu miaka ya 1980, kromosomu zikipigwa mionzi hiyo zilitoa alama ya karibu nanomita 30, na alama hiyo ikachukuliwa kuwa ndiyo kamba yenyewe. Mwaka 2012 kundi la Kazuhiro Maeshima nchini Japani lilirudia kipimo, likapata alama ileile. Kisha wakaziosha kromosomu ili kuondoa ribosomu, vile viwanda vidogo vya protini vya seli, zilizokuwa zimeganda juu yake. Alama ya nanomita 30 ikatoweka. Alama za nanomita 6 na 11, zinazotokana na nukleosomu zenyewe, zikabaki, na kromosomu zikabaki nzima. Kwa miaka karibu thelathini, kilichohesabiwa kuwa umbo la ndani la kromosomu kilikuwa ni ribosomu zilizojipanga nje yake! Kila ninapokutana na ile picha ya ngazi, jaribio hili hunirudia.

Sababu ya msokoto kuonekana maabara inaeleweka. Katika majimaji yenye chumvi kidogo na nyuzi chache, nukleosomu haina pa kushika ila jirani yake wa uzi uleule, hivyo uzi unajikunja wenyewe. Ndani ya kiini, ambamo mita mbili za DNA zimeingia katika nafasi isiyofika sehemu moja ya mia ya milimita, majirani wa nyuzi nyingine wamejaa kila upande. Uzi hauna haja ya kujishika.

Mwaka 2017 kundi la Clodagh O'Shea huko Marekani lilipiga picha za kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, ndani ya seli za binadamu. Waliona mnyororo unaopinda huku na huko, wenye unene wa nanomita 5 hadi 24, bila ngazi. Kilichobadilika toka eneo moja la kiini hadi jingine ni msongamano: kromatini ilichukua kati ya asilimia 12 na 52 ya nafasi. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Ikiwa hakuna kamba ya kusokotolewa, basi swali la nani anaifikia jeni linageuka kuwa swali la nafasi iliyobaki wazi kwa protini kupita. Kromosomu ya seli inayogawanyika nayo imejengwa kwa mnyororo uleule, umebanwa zaidi tu.

Wakosoaji wanasema, kwa haki, kwamba njia hiyo hutumia kemikali zinazoweza kuharibu maumbo laini. Ila mwaka 2008 Mikhail Eltsov na Jacques Dubochet walikuwa wametazama kromosomu za seli za binadamu zilizogandishwa ghafla, bila kemikali hizo, na kamba hawakuiona. Njia mbili zenye udhaifu tofauti zinapotoa jibu moja, mimi huliamini.

Na hii si fujo. Vipimo vilivyoanza mwaka 2009, vinavyoonyesha vipande gani vya DNA hukutana ndani ya kiini, vimebainisha kwamba maeneo yenye jeni zinazofanya kazi hukaa pamoja na yaliyolala hukaa kwao. Ni kama wavu uliorundikwa mashuani: macho yake hayafuatani kwa mstari, lakini mvuvi anajua chelezo ziko upande gani na huutoa bila fundo. Mpangilio upo, ila hauko kwenye ngazi ile tuliyochorewa.

Picha ya msokoto inaweza kubaki vitabuni. Chini yake paandikwe ulikoonekana: damu ya kuku, mbegu za kiti cha pweza, na kijaribio cha maabara.