Granji Isihukumiwe kwa Makaburi Yake

Kila ifikapo tarehe 5 Aprili, picha za Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana na sura ya granji, ile roki nzito iliyotoka Seattle, Marekani, hutapakaa mitandaoni: nywele za manjano, sweta lililochakaa, macho ya huzuni. Alijiua mwaka 1994 akiwa na miaka 27. Tarehe hiyohiyo, mwaka 2002, katika mji uleule wa Seattle, Layne Staley, mwimbaji wa bendi ya Alice in Chains, alifariki kwa dawa za kulevya, naye hukumbukwa na wachache. Pearl Jam, bendi nyingine ya mji huo, ambao waliendelea kuishi na bado wanapiga, wao ndio wanaoambiwa hadi leo kwamba hawakuwa granji ya kweli.

Msiba umegeuzwa hakimu wa muziki huu, na hukumu zake ni mbovu. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na hiyo ni desturi njema matangani. Lakini tangu 1994 imepita zaidi ya miaka 30, matanga yalishaanuliwa zamani. Albamu zipo na zinasikika. Tuzipime kwa masikio.

Tuanze na Nirvana, maana bila wao mabishano haya yasingefika mbali. Nevermind ilitoka Septemba 1991. Kampuni yao ilianza kwa kusambaza nakala kama 46,000 tu nchini Marekani. Januari 1992 albamu hiyo ikamng'oa Michael Jackson na Dangerous yake kileleni mwa chati ya Billboard. Watu husimulia jambo hili kama muujiza, na mimi naona masimulizi hayo yanawanyima wanamuziki haki yao. Ile namna ya kuimba ubeti kwa upole kisha kiitikio kikapasuka ilitoka kwa bendi ya Pixies wa Boston, na Cobain mwenyewe alilisema hilo waziwazi. Mtayarishaji Butch Vig alimshawishi arekodi sauti yake mara mbili na kuzipandanisha, kwa kumkumbusha kwamba John Lennon wa Beatles naye alifanya hivyo. Dave Grohl, aliyejiunga mwaka 1990, alipiga ngoma kwa nguvu na kwa mpangilio ambao bendi haikuwa nao kabla yake. Hii ilikuwa kazi ya watu waliojua wanachokifanya.

Alichokuwa nacho Cobain kuliko wote pale Seattle ni kipaji cha kutunga tuni. Ondoa kelele, ondoa magitaa yanayokwaruza, na wimbo unabaki umesimama. Ushahidi ni onyesho la MTV Unplugged walilorekodi New York Novemba 1993, ambapo walikaa na gitaa kavu na sauti ndogo, na hakuna kilichopungua. Hata hivyo, kwangu albamu yao bora ni In Utero ya mwaka huohuo. Waliirekodi Minnesota wakiwa na Steve Albini, fundi mitambo aliyekataa kulipwa mrabaha. Aliwaandikia kwamba anataka alipwe kama fundi bomba: malipo ya kazi aliyoifanya, basi, mapato mengine yabaki kwa bendi. Ngoma katika albamu ile zinasikika kana kwamba uko chumba kimoja na Grohl. Anayempenda Cobain kwa dhati aanzie hapo, si kwenye habari za kifo chake.

Ukiniuliza bendi ipi ya Seattle ilikuwa na muziki wenye kina kuliko zote, nitajibu Alice in Chains, wala sitasita. Sababu yangu kubwa ni sauti. Aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba sauti ya pili hupangwa iikamilishe ya kwanza, imstareheshe msikilizaji. Mpiga gitaa Jerry Cantrell na Layne Staley walizipanga zao kwa ukaribu wa kukera, zikisuguana, huku gitaa la Cantrell likiburuta chini yake kwa uzito wa hevi metali. Mara nyingi huwezi kujua ni nani anayeongoza na ni nani anayefuata. Hakuna bendi nyingine ya wakati ule iliyofanya hivyo, na walioiga baadaye walichukua ule mkoromo wa koo wakaacha upangaji, ambao ndio uliokuwa mgumu.

Sikiliza Dirt ya 1992. Wapo waliosema inatukuza unga. Nimeisikiliza kwa miaka mingi na sijapata mahali inapousifu. Inasimulia utumwa wa unga kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayejua hatatoka kirahisi. Na katikati ya giza hilo umo wimbo Cantrell aliomtungia baba yake, askari aliyepigana Vietnam, mmoja wa nyimbo bora ambazo mtoto wa kiume amewahi kumwandikia mzazi wake. Kisha Januari 1994 wakatoa Jar of Flies, albamu fupi ya nyimbo saba waliyoirekodi kwa takriban wiki moja. Ikawa ya kwanza ya aina yake kuingia moja kwa moja namba moja kwenye chati ya Billboard. Magitaa kavu, vinanda vya nyuzi, huzuni isiyopiga kelele. Miezi michache baadaye Cobain akafariki, na dunia nzima ikageuza uso upande ule.

Soundgarden, bendi nyingine ya Seattle, nitawapitia kwa haraka, kwa kuwa sijakutana na anayewabeza. Kim Thayil, mtoto wa wahamiaji kutoka India, alipiga gitaa lisilofanana na la mwingine, na nyimbo zao nyingi zina mapigo ya tano au saba badala ya manne, lakini msikilizaji hutikisa kichwa bila kugundua. Mwimbaji wao Chris Cornell alikuwa na koo la ajabu. Albamu yao Superunknown ya 1994 bado haijachuja. Naye Cornell alijiua mwaka 2017, na tangu hapo watu wameanza kumsikiliza kwa namna ileile niliyoilalamikia, wakitafuta kifo ndani ya kila mstari aliouandika.

Sasa Pearl Jam. Hapa ndipo ninapogombana na watu wengi.

Cobain aliwaita watu wa biashara, na baada ya yeye kufa neno lile likawa kama wosia. Lakini tazama walikotoka. Stone Gossard na Jeff Ament walikuwa Green River, moja ya bendi zilizoanzisha sauti hii katikati ya miaka ya 1980, pamoja na Mark Arm na Steve Turner waliokuja kuunda Mudhoney. Wakaunda Mother Love Bone. Mwimbaji wao Andrew Wood akafa kwa heroini Machi 1990, albamu yao ya kwanza ikiwa karibu kutoka. Wangeweza kuacha. Wakampata Eddie Vedder kutoka San Diego, wakatoa Ten Agosti 1991, mwezi mmoja kabla ya Nevermind. Bendi hii ilizaliwa msibani, ikaamua kuishi.

Na walipopata umaarufu walifanyaje? Waliacha kutengeneza video tangu wimbo wao uliotikisa MTV mwaka 1992 hadi 1998, wakati ambapo video ndiyo ilikuwa njia kuu ya kuuza. Kisha wakawavaa Ticketmaster, kampuni kubwa ya kuuza tiketi. Walitaka mashabiki wao, wengi wakiwa vijana wasio na kipato, wanunue tiketi isiyofika dola 20, na ada ya wakala isizidi asilimia 10 ya bei. Ticketmaster ilikataa. Bendi ikapeleka malalamiko Wizara ya Sheria ya Marekani, ikafuta ziara ya kiangazi cha 1994, na tarehe 30 Juni Gossard na Ament wakaketi mbele ya kamati ya Bunge kueleza jinsi kampuni moja inavyoshika kumbi karibu zote kubwa kwa mikataba. Julai 1995 wizara ikafunga uchunguzi bila kuchukua hatua. Bendi ilizunguka kutafuta viwanja visivyofungwa na mikataba hiyo, ikachoka, na mwaka 1998 ikarudi kuuza tiketi kupitia kampuni ileile.

Walishindwa, ndiyo. Na bei za tiketi zao leo haziko karibu na zile walizozipigania, jambo linaloniuma. Lakini walikuwa sahihi. Ticketmaster iliungana na Live Nation, kampuni ya kuandaa maonyesho, mwaka 2010, na Mei 2024 Wizara ileile ya Sheria, pamoja na majimbo kadhaa, ikaishitaki kampuni hiyo kwa kuhodhi soko. Miaka 30 ilipita. Katika bendi zote kubwa za wakati ule, hawa ndio walioweka mapato yao rehani ili mtoto wa fundi gereji aweze kuingia uwanjani. Kama hiyo ndiyo biashara, basi tuipate zaidi.

Hakimu huyu wa makaburi ana kosa jingine kubwa: huwasahau waliokuwepo kabla hajafika. Mwaka 1983 Tina Bell, mwanamke Mweusi, aliongoza bendi ya Bam Bam pale Seattle, magitaa mazito na panki vikiwa chungu kimoja, miaka kadhaa kabla wapiga picha hawajapajua mahali pale. Aliyewapigia ngoma mwanzoni ni Matt Cameron, ambaye baadaye alikwenda Soundgarden na Pearl Jam. Bell alifariki mwaka 2012 bila kuona jina lake likiwekwa linapostahili. Kila orodha ya waanzilishi wa granji isiyomtaja ina pengo. Vilevile Mia Zapata, mwimbaji wa bendi ya The Gits, aliyeuawa Julai 1993. Wenzake hawakuishia kuwasha mishumaa, walianzisha Home Alive, kundi la kufundisha wanawake kujilinda, na bendi kubwa za mji zikatoa nyimbo kulichangia. Hilo lina uzito kuliko fulana yoyote.

Na kuhusu fulana: vijana wale walivaa mashati ya drafti na masweta ya mitumba kwa sababu Seattle kuna baridi na hawakuwa na pesa. Mwishoni mwa 1992 mbunifu Marc Jacobs akayapeleka jukwaani New York chini ya jina la kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, mengine yakiwa ya hariri, akafukuzwa kazi. Leo fulana ya Nirvana yenye uso wa manjano inafika masoko ya mitumba ya Karume na Gikomba ndani ya marobota. Ninafurahi kuiona. Ningefurahi zaidi kama aliyeivaa angepata na albamu.

Wapo wanaosema granji iliua raha katika roki, ikaacha vijana wa kununa na bendi za kuiga zilizojaa redioni mwishoni mwa miaka ya 1990. Za kuiga zilikuwepo, na nyingi zilikuwa mbaya. Lakini huwezi kumlaumu mtungaji kwa kazi ya kampuni zilizosaini kila mwenye sauti nzito na gitaa. Mudhoney hawakuwahi kuwa na huzuni ya kujionyesha; muziki wao ni wa kucheka na kurukaruka, nao walikuwepo tangu 1988. Bado wapo.

Nirvana waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame ya Cleveland, jumba la kuwaenzi magwiji wa roki, mwaka 2014, Pearl Jam 2017, Soundgarden 2025. Hadi orodha hiyo ya 2025, Alice in Chains hawakuwemo. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba hawakukubali kuzikwa pamoja na Staley. Mwaka 2006 walimchukua William DuVall, mwimbaji Mwafrika-Mmarekani, na mpaka leo wapo wanaosema hiyo si Alice in Chains tena. DuVall ameimba katika albamu tatu: ya 2009, ya 2013 na ya 2018. Staley, albamu kamili alizorekodi na bendi hii ni tatu pia.