Makubaliano ya Utafiti Yaandikwe Moto Ukiwa Haujawaka

Agosti 2023, watu wapatao 20,000 wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, waliamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa misitu. Watu wa mji wa Hay River na jirani zao wa Kátł'odeeche, jamii ya Wadene, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wameshahamishwa Mei. Agosti wakafungasha tena. Wenyeji wa asili ni asilimia 5 tu ya Wakanada, lakini kuhama huku kunawaangukia wao kupita idadi yao. Afya yao lazima ichunguzwe. Ninachopinga ni kuwafuata na hojaji kwenye ukumbi wa wahamishwaji.

Mtu asiyejua kama nyumba yake imesalia, anayepokea chakula na kitanda kutoka kwa watu wenye beji shingoni, hawezi kumkatalia kwa uhuru mtafiti naye mwenye beji. Tena waliomo ukumbini si kijiji kizima. Wenye ndugu mjini wamelala kwa ndugu, na wagonjwa wa figo wamepelekwa panapopatikana mashine za kusafisha damu. Wenyeji wa asili wa Sandy Lake, Ontario, walipokimbia moto mwaka 2011, walitawanywa miji mbalimbali. Ukihesabu wanaokohoa ukumbini, utawagawa kwa idadi gani ya watu ili upate kiwango?

Siku za moto, tumia rekodi zinazoandikwa hata bila mtafiti. Moshi wa kiangazi cha 2014 Yellowknife ulichunguzwa kwa rekodi za hospitali na za dawa, na ikaonekana waliofika idara ya dharura kwa pumu waliongezeka takriban maradufu. Hakuna aliyeamshwa kitandani kujibu maswali.

Mahojiano yasubiri, ila makubaliano yasisubiri. Chifu na baraza wayasaini wakati wa baridi, kwa kufuata OCAP, kanuni za wenyeji wa asili wa Kanada kuhusu data zao: jamii inamiliki data, inaidhibiti, inaifikia na inaishika yenyewe. Yataje seva iko wapi, nani ana nywila, mkalimani analipwa kiasi gani, na baraza lina siku ngapi za kusoma matokeo kabla hayajachapishwa. Yataje pia matumizi yaliyokatazwa. Wanuu-chah-nulth wa British Columbia walitoa damu miaka ya 1980 kwa utafiti wa baridi yabisi. Ikatumika kwenye tafiti nyingine bila ridhaa yao, na hawakurudishiwa hadi 2004. Jamii nyingi hazijasahau, na zina haki.

Kuna kosa la mezani pia, wakati wa kuandika matokeo. Kwenye kijiji cha watu 300, jedwali linalosema "wanawake 2, zaidi ya miaka 70, wenye pumu" limeshawataja kwa majina. Unganisha makundi ya umri, au ficha kila idadi iliyo chini ya 5.

Na hojaji yenyewe mara nyingi huishia kwenye kikohozi na usingizi. Uliza kuhusu friza. Umeme ukikatika wakati watu wako mbali, nyama ya mawindo na samaki wa mwaka mzima huoza, na familia hurudi kula vya dukani, ambavyo huko kaskazini ni ghali mno. Mgonjwa wa kisukari hilo litamfuata miezi mingi baada ya moshi kuisha, kwa hiyo swali la chakula lirudiwe wakati wa baridi.